Sufuria la Kukandia

Operesheni yenyewe haiumi. Hilo huwa nawaambia walimu wenzangu wakiniuliza, kisha nanyamaza, kwa sababu wengi wanaouliza wana mimba na sina haki ya kuwatia woga. Unachomwa sindano mgongoni, miguu inakuwa ya mtu mwingine, unasikia unavutwa huku na huku kama mtu anayetafuta funguo kwenye mkoba wako, halafu mtoto analia. Maumivu huanza ganzi ikishaondoka, na yakianza hayakuulizi umesoma mpaka wapi.

Nami nimesoma. Nafundisha baiolojia sekondari hapa Morogoro mjini. Kila mwaka nachora mfuko wa uzazi ubaoni kwa chaki, wavulana wa viti vya nyuma wanachekacheka, nawatoa nje wawili, naendelea. Kwa miaka tisa nilidhani kujua jina la kitu ndiko kukijua.

Siku ya pili baada ya kujifungua, muuguzi alikuja akaniambia niamke nitembee mpaka dirishani. Nilidhani ananitania. Dirisha lilikuwa hatua nane kutoka kitandani, na mimi hata kumeza mate nilikuwa nafanya kwa hesabu. Akanifundisha kuamka upya: usijinyanyue kama unavyojinyanyua siku zote, geuka ubavu kwanza, teremsha miguu, jisukume kwa mkono. Ukitaka kukohoa, kumbatia mto uubane tumboni. Kuhusu kucheka hakunifundisha, nikajifunza mwenyewe kutocheka, na halikuwa jambo gumu. Chafya moja ilinitoa machozi mbele ya wodi nzima. Mtoto naye kila akishika ziwa, tumbo lilijikunja ndani kwa ndani, nami nilijua kabisa kwa nini linajikunja, homoni gani na inatoka wapi, na kujua huko hakukunipunguzia hata chembe.

Shangazi yangu mmoja alikuja kunitazama, akamfunua mtoto, akamsifu pua, halafu akasema kwa utani kwamba wenzangu wamezaa, mimi nimezalishwa. Wanawake wa vitanda vya jirani walicheka. Alikuwa ananitania tu, shangazi ana haki hiyo, lakini neno lile liliniingia na likakaa. Nililiweka kule kule kwenye mshono.

Mama yangu ndiye aliyenilaza na kunigeuza siku zote nne. Alishuka kutoka mlimani na chupa ya uji, ndizi mbichi na pilipili manga ya shambani kwake imefungwa kwenye karatasi ya daftari. Ni mkulima wa kabichi na karoti, lakini kule juu kwetu hakuna aliyemjua kwa kabichi. Alijulikana kwa kukanda wazazi. Mwanamke akijifungua, asubuhi zake za kwanza anachemshiwa maji na majani, kitambaa kinachovywa humo, kinakamuliwa, anakandamizwa tumbo, kiuno na mapaja mpaka mwili urudi mahali pake. Kazi hiyo si ya kila mtu. Inataka mikono inayovumilia maji ambayo wengine hawathubutu kuyagusa, na inayojua ibonyeze wapi na iachie wapi. Mikono ya mama ilikuwa haisikii moto. Alikuwa anaondoa chungu kwenye mafiga bila kitambaa, na sisi watoto tulidhani mama wote wako hivyo.

Nimekulia katika mvuke huo. Alikuwa na sufuria moja kubwa la kukandia, limebonyea ubavuni, halipikiwi chakula, na wanawake walikuwa wanakuja uani kwetu na kanga zao. Nikiwa nachambua maharage nje nilisikia wanavyoguta kitambaa kikiwagusa, halafu wanavyoshusha pumzi, halafu wanavyoanza kucheka na kupiga soga kama watu waliotua mzigo. Nilikuwa na miaka kumi tu na tayari nilijua kwamba siku moja zamu yangu itafika, na nitakuwa na bahati kuliko wote, kwa sababu mikono yenyewe ni ya mama yangu.

Siku ya nne niliruhusiwa. Muuguzi alinipa vifuko vitatu vya vidonge, viwili vya maumivu na kimoja cha kuzuia maambukizi. Vya maumivu, alisema, nisisubiri niumie ndipo nimeze. Nimeze kwa saa, niwe naumia au siumii, maana maumivu yakishapanda kuyashusha ni kazi. Mshono nisiuloweshe mpaka nirudi kliniki. Na mambo ya kukandwa na maji moto, akasema huku akiandika kwenye kadi, kwa mtu wa operesheni hayapo kabisa. Nilitikisa kichwa kukubali kila alichosema, kama wanafunzi wangu wanavyonitikisia wao. Mama hakuwepo. Alikuwa ameshuka bombani kufua kanga za mtoto.

Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mzazi wa mara ya kwanza hurudi kwao akae siku arobaini. Mume wangu kazi yake iko Gairo, huwa anakuja mwisho wa wiki, na alikuwa amekubali mapema. Kwa hiyo tulikodi gari mpaka kanisani, ambako ndiko barabara inakoishia. Kutoka hapo ni njia ya miguu, nusu saa ya kupanda kwa mtu mzima wa afya. Tulikuta vijana wanne wanatungoja na machela, miti miwili na blanketi zito. Mama ndiye aliyewaita.

Nikakataa. Machela kule juu hubeba wagonjwa mahututi wakienda, na maiti wakirudi, na mimi ni mwalimu niliyetoka kujifungua, siyo mzigo. Mama aliniambia taratibu, panda, mwanangu, hii siyo njia ya mtu aliyeshonwa. Nikamwambia nitatembea. Nilitembea karibu saa mbili. Vijana walikuwa nyuma yangu na machela tupu, wana adabu, na kila nikisimama kushika mti na wao walisimama. Nilipofika sikuwa na sauti ya kuitikia shikamoo za watoto waliokuja kunipokea.

Nyumbani kwetu hakuna hatua tambarare. Jiko liko chini ya nyumba, choo kiko juu yake, ua umekatwa kama ngazi. Mjini nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba tumbo ndilo linalopandia mlima. Sasa nililijua kila nilipotoka. Hata hivyo siku mbili za kwanza zilikwenda, kwa sababu niliweka saa kwenye simu na nilimeza dawa kama nilivyoambiwa. Maumivu yalikuwepo lakini yalikaa upande wa pili wa ukuta. Mama alinipa uji wa pilipili manga, akanifunga kanga kwa kulegeza juu ya mshono, na kila saa ya dawa ikilia alikuwa wa kwanza kuleta maji. Nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea. Mama yangu, ambaye aliishia darasa la nne, alikuwa anaheshimu vile vidonge kuliko mimi.

Siku ya sita mtoto alianza kulala mno. Ananyonya kidogo, anaachia ziwa, analala. Alikuwa na rangi ya manjano kidogo machoni. Mama alisema mtoto wa siku sita kazi yake ni kulala, tumwamshe anyonye mara kwa mara, tumwoteshe jua la asubuhi, na asipochangamka kesho tushuke naye zahanati. Ulikuwa ushauri mzuri kabisa. Lakini mimi niliketi kitandani nikachora ubao wangu kichwani: kidonge, tumbo, damu, ziwa, mtoto. Mishale yote ilikuwa sawa. Nikaamua kwamba ninamlewesha mwanangu kwa dawa zangu.

Sikumuuliza mtu. Simu nilikuwa nayo, na namba ya wodi ilikuwa imeandikwa kwenye kadi. Nilivichukua vifuko vyote vitatu, maana sikujua kipi ndicho chenye kosa, nikavifukia kwenye kopo tupu la poda ya mtoto. Saa ya dawa ilipolia nilinywa maji ambayo mama alileta, nikajifanya nimemeza. Kesho yake mtoto aliamka kwa kelele akanyonya maziwa yote mawili, kama ambavyo angeamka hata hivyo, nami nikajipongeza. Mama yeyote hujitoa kwa ajili ya mtoto wake, nilijiambia. Nilikuwa najisikia mtu mwema sana.

Kisha yakaja. Ukuta ule uliondoka na maumivu yote yakaingia chumbani. Sikuweza kunyoosha mgongo. Kitanda kilikuwa mbali na mlango, mlango ulikuwa mbali na choo, nikaanza kupunguza maji ili nisiende, nikafunga choo, na hilo nalo likawa na maumivu yake. Mtoto akilia nilikuwa naogopa. Nasema wazi, nilikuwa namwogopa mwanangu wa siku nane, namna atakavyonipiga teke la tumbo, namna nitakavyolazimika kumwinua. Nilikaa nimetazama paa la bati nikifikiri kwamba huu ndio utakuwa mwili wangu mpaka kufa, na kwamba wanawake wote waliopitia hapa walinificha. Mama aliniuliza kama nameza dawa. Nikasema nameza. Akaniangalia kidogo, akaenda kuniongezea pilipili kwenye uji.

Siku ya tisa, asubuhi, jirani yetu aliyejifungua wiki ile ile kwa njia ya kawaida alikuja kukandwa. Nilimsikia kutoka kitandani. Aliguta, akashusha pumzi, na baada ya muda akaanza kumsimulia mama kisa cha mbuzi wa mkwewe na wote wawili wakacheka. Niliwasikiliza nikiwa nimeuma pembe ya kanga. Sijui niite nini nilichosikia, wivu au njaa. Ile ilikuwa zamu yangu. Mikono ile ni ya mama yangu, na ilikuwa inatuliza tumbo la mtu baki hatua kumi kutoka nilipolala, na mimi nimezalishwa, sijazaa, sistahili.

Mama aliporudi ndani nikamwambia anikande na mimi.

Alikataa. Hakukataa kwa ukali, alikaa pembeni ya kitanda na mikono yake bado myekundu kwa maji.

"Tumbo lililozaa nalijua," alisema. "Hili limepasuliwa. Sijui ndani limekaaje. Twende zahanati tuulize kwanza."

Zahanati iko kanisani. Nilipofikiria kushuka ile njia na kuipanda tena, niliona siwezi. Nikamwambia hakuna haja, muuguzi alishaniambia siku ile ninatoka, wakati yeye ameshuka kufua. Nikamwambia muuguzi alisema baada ya siku saba inaruhusiwa. Nilisema kwa sauti yangu ya darasani. Mama alikuwa bado anasita, anatazama chini, nami nikamalizia.

"Mama, kati yetu mimi ndiye niliyesoma."

Alinyanyuka akaenda kuwasha moto.

Ningependa kusema kwamba iliniuma, lakini haikuniuma. Kitambaa kilipotua kiunoni niliguta kama nilivyowasikia wengine wakiguta, halafu pumzi ikanitoka yote niliyokuwa nimeibana siku tisa. Nililia kwa raha. Mama alianzia mgongoni, akaja ubavuni, akaenda mapajani, akawa analikwepa lile eneo la mshono kama mtu anayefagia kuzunguka kitu kilicholala. Ni mimi niliyemwambia ashuke zaidi. Hapo, nilisema, hapo hapo panapouma. Akaweka kitambaa hapo, hakubonyeza, alikilaza tu na kiganja juu yake, na maji ya moto yakawa yanatiririka kuingia chini ya bandeji. Tulifanya hivyo asubuhi tatu. Asubuhi ya pili nilimsimulia habari za shuleni na tukacheka, nimeshika mto. Ndizo asubuhi nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa na mama yangu, na siwezi kuzikumbuka bila kutaka kutapika.

Siku ya kumi na mbili niliamka kanga imelowa. Nilidhani ni maziwa. Mama alifungua bandeji, akanusa, akaifunga tena, akatoka mbio kuita vijana. Nilikuwa na homa, natetemeka mpaka kitanda kinalia. Machela ilipoletwa nilipanda bila kuuliza.

Hospitali tulimkuta muuguzi yule yule. Alikuwa msichana, umri wa wadogo zangu. Alimwamkia mama kwanza, shikamoo bibi, mama akaitikia marahaba, kisha akanilaza na kufungua. Mshono ulikuwa umefumuka upande mmoja, urefu wa kidole. Alitazama ngozi ya tumbo langu, namna ilivyoiva na kubabuka kidogo, na yeye si mgeni wa Morogoro, alijua anachokiona.

"Nani amemkanda?"

Mama alikuwa amesimama miguuni pa kitanda na mtoto mgongoni. Alinitazama. Alikuwa na nafasi tele ya kusema maneno mawili tu: aliniambia mmeruhusu. Nilimwona anayashika mdomoni. Nilikuwa na nafasi hiyo hiyo mimi, tena zaidi, kwa kuwa swali lilikuwa la tumbo langu.

"Ni mimi," mama alisema. "Sikujua."

Muuguzi alimgombeza. Hakumtukana, ila alimgombeza kama anavyogombezwa mtoto, mbele ya wodi, kwamba angeniua, kwamba kila siku wanawaambia na hawasikii. Mama alikuwa anaitikia ndiyo, ndiyo mwanangu, nisameheni. Halafu muuguzi akanigeukia mimi, akashusha sauti, kama watu wawili wa elimu moja wanaoelewana juu ya kichwa cha wa tatu.

"Mwalimu, hawa mama zetu wa milimani. Ukiwaachia watakumaliza."

Nami nikatikisa kichwa kukubali.

Homa ilikuwepo, ni kweli. Nimejitetea kwa homa hiyo mara nyingi. Lakini nilijua ninachokikubali.

Nililazwa wiki tatu. Kidonda hakikushonwa tena haraka, kiliachwa wazi kipone kutokea chini, na kila asubuhi kilikuwa kinasafishwa na kujazwa kitambaa kipya. Sitaeleza. Niseme tu kwamba nilikuwa nasikia magurudumu ya kile kitoroli tangu kikiwa mlangoni pa wodi na mwili mzima ulikuwa unaanza kuomba. Safari hii nilimeza kila kidonge kwa saa yake. Nilimuuliza muuguzi, hatimaye, kama vile vidonge vya mwanzo vilikuwa vinamdhuru mtoto kwenye maziwa. Alishangaa swali lenyewe. Havina shida, alisema, ndiyo maana tunawapa wanaonyonyesha, ungepiga simu tu. Kuhusu manjano ya macho alisema karibu yale yale aliyosema mama, kumwamsha, kumnyonyesha mara kwa mara, kumrudisha wamtazame asipochangamka.

Kati ya kunyonya na kunyonya mtoto alikuwa kwa mama. Alikuwa anamleta, anamshikilia penye ziwa ili asiniguse tumbo, anamwondoa. Lakini mimi hakunigusa. Kunigeuza aliwaachia wauguzi, kunifunga kanga aliwaachia wauguzi. Nilipotaka kuinuka alikuwa anatoka kwenda kuita mtu.

Tuliporudi mlimani habari zilikuwa zimeshatangulia. Milimani habari haingoji gari. Waliobeba machela walisema walichokiona, waliokuja wodini kutusalimu walisema walichokisikia, na zilipofika kwa wanawake wa jumuiya zilikuwa fupi na wazi: amemfumua mwanawe. Hakuna aliyemsema usoni. Walimwamkia kama kawaida, waliomba naye rozari, walimuuzia mbegu. Ila mke wa binamu yangu alipojifungua, nyumba ya tatu kutoka kwetu, walimwita mkandaji kutoka kitongoji cha bondeni, akapita mbele ya ua wetu na majani yake kwapani. Mama alikuwa anapalilia. Alimwamkia, akaendelea kupalilia.

Sufuria lilikaa nyuma ya mlango miezi kadhaa. Siku moja nilipopanda kuwasalimu nikakuta linachemshiwa chakula cha nguruwe.

Mficha maradhi kifo humuumbua, husema watu, lakini mimi mbona sikuumbuka. Nilipona. Nilirudi darasani, nikachora ubaoni, nikawatoa nje wawili. Aliyeumbuka ni mwingine. Krismasi moja nilipanda nikiwa nimejiapiza kusema mbele ya wanawake wote, wakiwa wamekaa uani wanakula. Niliyapanga maneno njia nzima. Nilipofika niliwagawia sabuni na chumvi, wakanishukuru, wakasifu mtoto alivyokua, na mmoja akasema Mungu mkubwa, maana ulitoka mbali. Mama alikuwa anamimina chai. Nikasema asante, nikaketi.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza. Ningesema nimedanganya, ningelazimika kusema pia nilidanganya kwa kutumia kile kitu ambacho mama aliuza kabichi miaka yote ili nikipate. Ni jibu zuri. Lingine fupi zaidi ni kwamba niliona haya, na haya yangu niliyathamini kuliko jina lake.

Mwaka jana nilijifungua tena, kwa kisu tena, safari hii kwa kupangiwa siku. Mama alikuja. Nilikuwa na miaka minne ya kujiandaa na niliyafanya yote kwa mpangilio. Niligeuka ubavu, niliteremsha miguu, niliubana mto. Vidonge nilivimeza kwa saa, sikungoja. Maumivu yalikaa upande wa pili wa ukuta na siku ya tatu nilitembea ukumbi mzima kwenda na kurudi. Muuguzi, mwingine kabisa, mama wa makamo, alinisifu kwamba mimi ndiye mgonjwa anayefaa kufundishia wengine.

Lakini mgongo wa chini ulikuwa unaniuma pale palipochomwa sindano, maumivu ya kawaida, ya kuchoka. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti, mikono imo ndani ya kanga. Amezeeka. Nikamuuliza muuguzi, kwa sauti, makusudi ili mama asikie, kama kuna ubaya mtu akinikanda mgongo tu, kwa mkono mkavu, bila maji, mbali na mshono. Muuguzi akasema hakuna ubaya wowote, tena itanisaidia, mama si huyu hapa. Nikageuka ubavu nikampa mama mgongo. Nikangoja.

Hakuna kilichonigusa. Nilipogeuza shingo nilimkuta ameitoa mikono kwenye kanga, ameiweka mapajani, anaitazama.

"Hata mara ile ulisema wameruhusu," alisema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekumbushia jambo. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka minne, na haikurudiwa.

Muuguzi akauliza, mara ile ipi? Aliniuliza mimi. Alikuwa amesimama na kadi yangu mkononi, wodi imetulia, wanawake sita vitandani wanasikiliza kama watu wa wodini wanavyosikiliza. Nafasi niliyoikosa ilikuwa imerudi imekaa mbele yangu, na sikuwa na homa. Nilifungua mdomo. Mama aliniona nikiufungua, akaona hakitoki kitu, na akafanya kama alivyofanya mara ya kwanza.

"Ni mambo ya zamani," alimwambia muuguzi. "Saa ya dawa yake haijafika?"

Ilikuwa imefika. Muuguzi alihesabu vidonge viwili kwenye kiganja changu, mama akainuka kumimina maji, akaiweka glasi juu ya kabati, pale ninapoweza kuifikia mwenyewe. Nikameza. Baada ya nusu saa mgongo haukuuma tena, wala tumbo.